Kifua Changu Kwenye Mpini wa Jembe

Nyapara Osundwa, kama kuna mtu atakusomea hii, kaa chini kwanza. Mimi ndiye yule mama wa mistari ya nyuma, kule mashamba ya miwa upande wa Matungu, uliyesema mbele ya wanawake wote kwamba nimejifunza uvivu uzeeni. Siku hiyo nilikuwa nimeinama kwenye magugu, mkono wa kushoto umekufa ganzi, taya inauma kama nimeng'olewa jino bila sindano, na kifuani ni kama mtu ameweka gunia la mahindi kisha akakalia juu. Wewe ulisimama na kofia yako ukauliza, "Mama Awinja, hiyo ni mimba ama ni uvivu?" Wakacheka. Mimi pia nilicheka, kwa sababu nyapara akicheka unacheka. Sijakusamehe. Hata pasta anajua, nilimwambia mwenyewe.

Niliachia shule darasa la nne, kwa hivyo maandishi yangu yakiruka kama panzi, vumilieni. Ninaandikia yule mtu ambaye saa hii akipanda kilima kidogo tu cha kutoka mtoni inabidi asimame, ajifanye anatazama mahindi ya jirani. Nilifanya hivyo miaka miwili. Niliyajua mahindi ya jirani yangu kumshinda yeye mwenyewe.

Mwenye makosa wa pili ni Fredi wa duka la dawa pale sokoni kwetu. Fredi si daktari. Kabla ya kuuza dawa alikuwa anauza sabuni na mafuta ya taa. Nilimwambia kifua kinabana nikibeba maji. Hata hakuinua macho. "Hiyo ni alsa, vidonda vya tumbo, mama. Acha maharagwe." Nikaacha maharagwe. Nikarudi, akasema acha chai ya maziwa. Nikaacha. Nikarudi tena, akasema acha pilipili, na mimi sijawahi kula pilipili tangu nizaliwe. Akawa ananipa vidonge vya kutafuna vyenye ladha ya chokaa. Nilitafuna chokaa miaka miwili, Fredi. Nilikonda mpaka sketi ya kanisani nikawa naifunga na pini. Kifua hakikujua kama nimeacha maharagwe.

Aliyenifungua macho hakuwa daktari. Tulikuwa Bukura, matanga ya shangazi yangu, nikapewa sufuria ya maji nipelekee wapishi. Hatua kama thelathini hivi. Nikaiweka chini katikati ya njia nikakaa karibu nayo kama mtoto aliyenuna. Mama mmoja mzee, aliyekuwa muuguzi zamani, akaja akakaa na mimi pale kwenye nyasi. Hakunipa maji wala pole. Aliuliza tu, "Inakuja ukitembea, inaisha ukikaa?" Nikasema ndiyo. "Inapanda mpaka taya?" Nikasema ndiyo, na machozi yakatoka, kwa sababu alikuwa mtu wa kwanza kuniuliza swali. Akasema, "Hiyo si tumbo. Hiyo ni moyo. Kesho uende Kakamega, na usipitie kwa Fredi yeyote." Jina la Fredi hakulijua, nimeliweka mimi.

Mambo ya vipimo siwezi kueleza vizuri. Walinibandika nyaya kifuani, wakanitoa damu, wakasema mishipa inayolisha moyo imekuwa myembamba. Wakanipa dawa za kila siku, na chupa ndogo ya vidonge vya kuweka chini ya ulimi maumivu yakija. Hivyo vya ulimi vilinisaidia, lakini kichwa kilikuwa kinagonga kama ngoma. Nilipata nafuu kidogo. Kidogo tu. Mto bado ulikuwa mbali.

Benchi za ile kliniki nazijua zote. Iliyo karibu na dirisha mguu mmoja ni mfupi, mkikaa watatu na mmoja akasimama, waliobaki wanainama kama wanasujudu. Kulikuwa na mzee mmoja wa Lugari, mwenye kofia ya manyoya hata jua likiwaka, alikuwa anatuambia, "Nyinyi watu wa miwa mna moyo wa sukari, ndiyo maana unayeyuka. Sisi wa mahindi wetu unakauka tu." Tulicheka polepole, kwa mpango, kwa sababu kucheka sana nako kulikuwa kunaleta maumivu.

Ni kwenye benchi hiyo Sista Jentriks, muuguzi wa kliniki, aliniita nikaingia kwa Daktari Naomi. Daktari akaniambia kuna utafiti. Dawa mbili za maumivu ya moyo, zote zinajulikana, zote watu wanakunywa. Kitu ambacho hawajui vizuri ni kama mtu wa aina yangu akinywa zote mbili pamoja atasaidika kuliko akinywa moja.

Nikamuuliza, "Kwa hivyo mnanijaribu mimi?"

"Tunajaribu dawa, mama. Wewe utatusaidia kujua."

"Kama ng'ombe anayepelekwa kuogeshwa?"

Akacheka mpaka miwani ikashuka. "Ng'ombe haulizwi. Wewe ninakuuliza. Ukikataa, matibabu yako yanaendelea vile vile, hakuna atakayekununia. Ukikubali leo ukachoka kesho, unaacha."

Osundwa hakuwahi kuniuliza. Fredi hakuniuliza. Hata siku ya kuolewa waliulizwa wajomba. Nikachukua kalamu nikaandika jina langu lote, herufi kwa herufi. Sista akanisomea karatasi yote kwa Kiluhya ili asiwe amenidanganya kwa Kiswahili.

Mpango ulikuwa hivi. Kila mgonjwa apite misimu miwili, ya wiki nane nane. Kila msimu unapewa chupa mbili. Msimu mmoja chupa zote zina dawa. Msimu mwingine moja ina dawa na nyingine ina vidonge vitupu, rangi moja, ukubwa mmoja. Nani anaanza na nini, hata daktari hakujua. Siri ilikuwa imefungwa mahali pengine.

Kisha wakanipandisha kwenye mashine ya kutembea. Ni mkanda mweusi unaokimbia chini ya miguu na wewe huendi popote. Nilivaa raba za binti yangu Awinja na suruali yake ndani ya sketi. Sista anasema, "Tembea, mama, usiogope," na mimi nashika chuma kama nashikilia ng'ombe wa jirani. Dakika nne kifua kikabana, wakasimamisha. Dakika nne. Mimi niliyekuwa napalilia kutoka umande mpaka saa sita.

Mwisho wakanipa kitabu kidogo. Kila siku niandike maumivu yamekuja mara ngapi, na vidonge vya ulimi nimetumia vingapi.

Sasa naingia kwa mwenye makosa wa tatu, na huyu nalala naye kitanda kimoja.

Mume wangu Ezekieli alifika darasa la saba, na ni karani wa kanisa. Mwandiko wake ni kama umepigwa pasi. Mimi kuandika namba moja inanichukua muda wa kupika ugali. Kwa hivyo tukakubaliana: mimi nitahesabu, yeye ataandika. Kuhesabu mimi sijambo. Miaka yangu kwenye miwa nilikuwa nakata alama kwenye mpini wa jembe, kila mstari ninaomaliza alama moja, kwa sababu jioni Osundwa alikuwa na ugonjwa wa kusahau mistari ya wanawake. Wengi wetu tulikuwa tunafanya hivyo. Ukishazoea, mkono unakata wenyewe.

Nikachukua mpini mmoja mzee, jembe lake lilikuwa limeisha, nikausimamisha jikoni karibu na mafiga. Maumivu yakija, nikishapumzika nachukua kisu, alama moja ya kulala. Nikiweka kidonge chini ya ulimi, naongeza ya pili juu yake, inakuwa msalaba. Kila Jumapili nakata mstari wa kuuzunguka mpini wote, hiyo ni pete. Jioni Ezekieli akirudi namsomea mpini. "Leo tatu, mbili za msalaba." Anaitikia, "Sawa, Mama Awinja," anaandika, anafunga kitabu, anakiweka juu ya kabati pamoja na vitabu vya kanisa. Sikuwahi kukifungua. Kwa nini nikifungue? Ni mume wangu.

Na lazima niseme, hapo katikati alinitunza. Alikuwa anachota maji na wilbaro, mwanamume mzima, na kule kwa posho mili, kwenye kinu cha unga, wakawa wanamuita Bibi Ezekieli. Hakuacha kuchota. Ndiyo sababu kitu alichofanya kiliniuma zaidi.

Msimu wa kwanza ulianza tukipanda mahindi ukaisha yakifika kiunoni. Haukuwa mwepesi. Miguu ilivimba viatu vya kanisani vikakataa. Kifua kilikuwa kinabana nikifagia, nikitandika kitanda, siku moja nikiimba pambio. Mpini ukajaa alama mpaka nikahamia upande wa pili.

Siku ya kurudi kliniki, Sista Jentriks akafungua kitabu, akatabasamu. "Unaendeleaje, Mama Awinja?"

Nikajibu, "Mzuri sana, sista. Mulembe."

Hebu nisimame hapa. Sisi kwetu mtu akikuuliza habari yako, unasema mulembe, amani. Hata kama nyumba inaungua nyuma yako, kwanza mulembe, moto baadaye. Na aliyekusaidia humwambii msaada wake haujafika. Ni aibu. Nilikuwa na mpini umejaa misalaba nyumbani, na mdomo wangu ulisema mzuri sana.

Sista akasema, "Naona. Wiki nane, mara tatu tu! Hongera, mama."

Mara tatu. Nilifikiri nimesikia vibaya. Wakanipandisha kwenye mkanda. Dakika nne na nusu, nikashika kifua. Sista akatazama saa, akatazama kitabu, akanitazama mimi. Akanikalisha. "Mama, mtu aliyeumia mara tatu kwa wiki nane hashindwi hapa kwa dakika nne na nusu. Kitabu hiki ni cha kweli?"

Nilitaka kusema ndiyo. Ulimi ulikuwa tayari. Nikaomba nikione. Siku, sifuri. Siku, sifuri. Mwandiko uliopigwa pasi, kurasa na kurasa, sifuri nzuri za mviringo kama mayai ya kuku.

Nikamwambia, "Sista, hicho kitabu ni cha uongo. Na mimi nimekudanganya nilipokusalimu."

Hakunigombeza. Alimwita daktari. Daktari Naomi akakaa mbele yangu akaniambia wazi: bila hesabu ya kweli ya msimu wa kwanza, hawana kitu cha kulinganisha na wa pili. Inabidi aripoti kwa wanaosimamia utafiti, na wanaweza kunitoa. Nikaona chupa za msimu wa pili pale mezani, zimeandikwa namba yangu. Nikitolewa, sitajua kamwe kama kulikuwa na kitu cha kunirudisha mtoni kwa miguu yangu.

"Hesabu ninayo," nikasema.

"Wapi?"

"Jikoni. Kwenye mpini."

Wakatazamana. Daktari akasema, "Lete kesho. Na vile vidonge vya ulimi vilivyobaki, lete vyote."

Nilifika nyumbani nikamkuta Ezekieli anapukuchua mahindi ya kusaga. Nikakaa mbali naye ili nisimpige na kitu.

"Baba Awinja, mimi niliumia mara ngapi?"

Akaacha kupukuchua. Hakubisha. Hiyo nampa. Akasema, "Wale watu wamekupa dawa kwa moyo mweupe. Niwaandikie kila siku mgonjwa anaumia, anaumia? Ni kama kuwatukana."

"Kwa hivyo ukanitukana mimi."

"Na wakiona dawa haifanyi kazi, si watakutoa? Nilitaka ubaki." Akaweka gunzi chini. "Mara ngapi nimekaa hapo nje nikikusikia unavuta hewa jikoni? Kuandika sifuri kulikuwa kunanipatia... nilikuwa nahisi ni kama maombi."

"Maombi peleka kanisani. Pale walitaka kifua changu, na wewe umewapelekea kifua cha mtu ambaye hayuko."

Sikumpikia. Alijipikia obusuma, ugali wetu, ikatoka na mabonge, akala hivyo hivyo. Asubuhi alikuwa amevaa koti la Jumapili. "Nakuja na wewe," akasema. "Mimi ndiye nilikosa, niseme mwenyewe."

Kwenye geti la hospitali askari akanizuia. "Mama, silaha hairuhusiwi."

"Hii si silaha, ni faili yangu."

"Faili ya wapi ina urefu huu?"

Ezekieli akaanza kueleza kwa Kiswahili cha kanisa, foleni ikawa ndefu nyuma yetu, mzee wa Lugari akapiga kelele kutoka ndani, "Mwachilie huyo! Watu wa miwa ndivyo wanavyotembea!" Askari akachoka, akatupitisha, lakini alitufuata mpaka mlangoni.

Wakaulaza mpini juu ya meza ya daktari, karibu na kompyuta. Nikawasomea. Pete ni Jumapili. Hizi za kulala ni maumivu. Msalaba ni kidonge cha ulimi. Hapa niliimba pambio. Hapa ni matanga ya jirani, nilitembea sana. Daktari alikuwa anafuata na kidole kama mtoto anayejifunza a e i o u, na mimi nikawa mwalimu. Pete zilikuwa nane.

Sista Jentriks akasema, "Ngoja." Akachukua chupa zangu za vidonge vya ulimi. Mwanzoni alinipa vidonge hamsini, alikuwa ameandika. Akamwaga vilivyobaki kwenye karatasi, akahesabu. Kumi na moja. Kisha akahesabu misalaba, akiweka alama ya chaki kwenye kila mmoja asirudie. Nilisikia moyo wangu, na mara hii haukuwa ugonjwa.

Thelathini na tisa.

Akahesabu tena. Thelathini na tisa. Na kumi na moja, hamsini.

Daktari Naomi akainua macho. "Mama, wewe uliacha shule darasa la ngapi?"

"La nne."

"Nina wagonjwa wenye digrii," akasema, "hawajaniletea rekodi kama hii."

Nataka msome tena hapo, kwa sababu mimi huwa nakumbuka hayo maneno nikiosha vyombo, na bado sijayamaliza.

Ezekieli akasimama na koti lake akasema, "Mimi ndiye niliandika uongo. Yeye hakujua." Hakuna aliyemchapa. Walimpa kalamu akakata zile kurasa zote kwa mstari mmoja, bila kufuta, akatia sahihi. Wakapiga mpini picha pande zote, wakaandika kila kitu kilichotokea, na kosa letu pia, wakapeleka kwa wakubwa. Chupa za pale mezani wakazirudisha kabatini. Nikaambiwa nisubiri nyumbani na dawa zangu za kawaida.

Siku tisa. Kila simu ilipolia nilikuwa nakaa kwanza. Siku ya tisa ilikuwa Sista Jentriks. "Mama Awinja, wamekubali. Mpini umepita. Njoo uchukue chupa."

Msimu wa pili nilikata alama kwenye mpini ule ule, na mara hii kitabu niliandika mwenyewe, hata kama ugali uliungua. Wiki ya kwanza misalaba ilikuwa mingi. Ya pili ikapungua. Ya nne nikazungusha pete na kati yake na pete ya nyuma kulikuwa na alama mbili tu. Niliutazama ule mti uliobaki mweupe nikaogopa kuufurahia. Mahindi mabichi yalipokuwa tayari nilishuka mtoni na ndoo ndogo, nikapanda kile kilima polepole, nikapita mahindi ya jirani bila kuyatazama. Jirani alikuwa hapo. Akasema, "Leo hunisalimii mahindi?" Kumbe alikuwa ananiona miaka yote.

Siku ya mwisho mkanda ulinibeba dakika saba na zaidi. Sista alikuwa anahesabu kwa sauti, na wagonjwa wa benchi walikuwa wamechungulia mlangoni.

Ile siri ilipofunguliwa baadaye, wote wakiwa wamemaliza, daktari aliniita akanionyesha. Msimu wa kwanza nilikuwa na dawa moja na vidonge vitupu. Wa pili, zote mbili. Mpini ulikuwa umejua kabla yake. Sisemi kila mtu atakuwa kama mimi. Mzee wa Lugari hakuona tofauti yoyote, na mama mwingine alipata kizunguzungu akaacha, na hao nao wamehesabiwa sawasawa na mimi. Kwa hivyo usiende kuazima dawa za jirani. Nenda kwa daktari. Na akikuuliza unaendeleaje, hiyo si salamu. Usijibu mulembe. Sema kifua kimeuma mara ngapi, hata kama anayekuuliza ni mtu mzuri na unamwonea haya. Hasa kama ni mtu mzuri.

Daktari Naomi aliomba mpini ubaki, awaonyeshe wanafunzi. Nikamwambia picha anazo. Kunde zangu zilikuwa zimeliwa na magugu, na ruhusa ya kupalilia kidogo kidogo alikuwa amenipa yeye mwenyewe.

Nilirudi nao begani, katikati ya soko, nikapita mbele ya duka la Fredi polepole makusudi. Nyumbani Ezekieli alikuwa ameninunulia jembe jipya. Akaupima mpini kwenye tundu lake, ukaingia vizuri. Kisha akapitisha kiganja juu ya zile alama, kutoka juu mpaka chini, akatoa kipande cha msasa mfukoni.

"Nizisugue?" akauliza. "Zitakuchubua mkono."

Nikamwambia aziache.